Filimbi za mlimani na filimbi za kabatini: nimezipandisha Bondwa zote tano, hukumu yangu hii hapa

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nina filimbi 31 kwenye droo ya kabati la sebuleni, mama watoto kashazihesabu mara mbili akitafuta pa kuanzia ugomvi, lakini siku niliyoihitaji filimbi kwelikweli nilikuwa na moja tu shingoni na hiyo moja ikanigomea. Ndo maana safari hii nikasema sisifii kitu kwa sababu kinang'aa, nachukua tano nazipandisha mlima, nazipuliza mpaka masikio yanilie, halafu ndo naandika.

Hiyo siku ya kugomewa ilikuwa Uluguru, ile njia ya kutoka Morogoro mjini kupitia Morningside mpaka Bondwa kwenye minara. Tulikuwa wanne. Aliyewahi kufika kule anajua ukungu wa Uluguru haupigi hodi, unakunywa maji umeinamisha kichwa, ukikiinua huoni hata mtu wa mbele yako. Shemeji yangu akasema tutangulie yeye anachimba dawa kidogo. Tukatangulia. Dakika tano, kumi, shemeji haji. Kumbe kaingia njia ya mashambani inayofanana na ya kwetu kabisa, na anashuka wakati sisi tunapanda. Tukaita, "Shemejiiii!", tukaita mpaka sauti zikakauka, sauti ya mtu kwenye ukungu na miti ile inamezwa kama maji kwenye mchanga. Nikakumbuka filimbi. Nikaipuliza mara ya kwanza ikalia vizuri tu, mara ya pili ikakohoa, ya tatu ikatoa fyuuu kama gurudumu la baiskeli linalopungua upepo. Naitingisha, naifuta kwenye shati, napuliza, fyuuu. Goroli ya ndani imelowa mate na unyevu imeganda ukutani basi. Shemeji tulimpata baada ya dakika 40 hivi, na si kwa akili zetu, alirudishwa na mama mmoja mwenye tenga la kabichi kichwani ambaye alimkuta shambani kwake anazunguka, akamwambia "baba, wenzako wako huko juu wanapiga makelele."

Ile filimbi sitaitaja jina kwa sababu hata jina haikuwa nalo, ni zile za plastiki za rangi rangi zinauzwa na mipira ya watoto. Buku mbili. Kosa ni langu, nimekusanya filimbi miaka kumi halafu mlimani naenda na ya buku mbili kwa kuogopa kupoteza nzuri.

Basi tukarudi. Safari hii nimepanda SGR asubuhi kutoka Dar, begi limejaa filimbi tano zimefungwa kila moja kwenye soksi yake, shemeji kakubali kuwa msaidizi kwa sharti kwamba hachimbi dawa peke yake tena. Utaratibu wetu ulikuwa wa kienyeji, yeye anakaa kwenye kona juu kidogo ya Morningside na daftari, mimi nashuka nahesabu hatua, kila hatua 100 nasimama napuliza kila filimbi mara tatu kwa mpangilio uleule, yeye anaandika anachosikia na jinsi anavyosikia. Netiweki kule inakuja na kuondoka kama mgonjwa wa homa kwa hiyo hatukutegemea simu. Si maabara, najua, ila mlima nao si maabara.

Naanza na iliyoshinda ili mwenye haraka aondoke na jibu lake. Fox 40 Classic. Ya Kanada, plastiki ngumu, haina goroli ndani. Kuna watu wakisikia plastiki tu wanakunja uso, na mimi nilikuwa mmoja wao, nilikuwa naiona kama kitu cha marefa, sikuwahi kuiweka kwenye mkusanyo wangu kwa heshima. Nimeomba radhi.

Hadithi yake naipenda kwa sababu ni hadithi yangu ya Uluguru ila ya mtu mkubwa. Ron Foxcroft alikuwa refa wa mpira wa kikapu, kwao Hamilton, Kanada. Mwaka 1984 yuko Brazil anachezesha mechi ya kufuzu Olimpiki, dakika za mwisho mchezaji kafanyiwa faulo, jamaa anapuliza filimbi, goroli imekwama. Kimya. Huku kwetu tunasemaga refa kameza filimbi, sasa huyu ilimmeza yeye, maana uwanja ulichafuka vibaya mno. Akarudi nyumbani akatafuta mbunifu wa vitu vya plastiki, Chuck Shepherd, wakahangaika mpaka 1987 ndo wakapata filimbi isiyo na kitu chochote kinachotembea ndani. Akaipeleka kwenye michezo ya nchi za Amerika pale Indianapolis mwaka huohuo, na akarudi na oda za filimbi 20,000. Fox ni mwanzo wa jina lake, 40 ni umri aliokuwa nao. Rahisi hivyo.

Ufundi wake ndo unaonifurahisha. Filimbi ya goroli inafanya kazi hivi, upepo wako unapita kwenye ule mdomo unagonga ukingo, unazunguka ndani ya tumbo, goroli nayo inazunguka na upepo na kila ikipita kwenye tundu inaliziba kidogo, ndo unapata ile prrrrrr. Bila goroli ingekuwa piiii iliyonyooka tu, haina ukali. Sasa Fox 40 ina vyumba vitatu vidogo, kila kimoja kina urefu wake uliopishana kidogo na mwenzie, kwa hiyo zinatoka sauti tatu zinazokaribiana lakini hazilingani, zikikutana hewani zinagombana, na ugomvi wao ndo unaleta mtetemo. Prrrr bila goroli. Halafu jambo la muhimu zaidi, filimbi ya goroli ukipuliza kwa nguvu sana goroli inakimbilia kwenye tundu inaziba, yaani kadiri unavyoogopa ndivyo inavyokusaliti. Hii haina dari, puliza kwa nguvu zako zote inazidi tu. Na mtu aliyepotea hapulizi kistaarabu jamani.

Kwenye boksi wameandika desibeli 115. Mimi sina kipimo, kipimo changu ni shemeji. Kwenye hatua 100 aliandika "inaumiza". Kwenye 500 aliandika "safi". Ukungu ukaja kama kwenye hatua 700, nikasema sasa ndo tunaanza kazi, nikaichovya kwenye chupa ya maji nikaitoa inachuruzika nikapuliza hivyohivyo, tone la kwanza likaruka na sauti ikafuata. Daftari la shemeji linasema "nasikia, kama ndege mwenye hasira". Nilikoma kwenye hatua kama 1,100 kwa sababu njia ilikata nyuma ya kilima, na hata pale alisema anaisikia ila hajui inatokea upande gani. Hilo nalo liwekeni akilini, mlimani kusikika ni jambo moja, kujulikana uko wapi ni jambo lingine, sauti inagonga mabonde inarudi, kwa hiyo ukishapuliza usitembee. Kaa.

Kasoro zipo. Mdomo wake ni mgumu, ukiishika kwa meno muda mrefu fizi zinalalamika, wapo wanaonunua aina yenye kishikio laini cha kuuma kwa meno, CMG wanaiita. Na ni mbaya, tuseme ukweli. Ukiiweka kabatini karibu na za shaba inaonekana kama mgeni aliyekuja na kandambili harusini.

Bei ndo shughuli. Ya kwangu nimeagiziwa na mtu anatoka nje, mpaka inafika mkononi imenila kama 35,000. Lakini kabla ya hiyo nilikuwa na nyingine, na hapa ndo nataka kupiga kelele kidogo. Niliikuta Kariakoo kwenye duka moja la vifaa vya michezo ambalo silitaji, imeandikwa FOX 40 herufi zote ziko sawa, rangi ileile, kamba ileile, elfu 3. Nikamuuliza muuzaji, "Hii orijino?" Akanijibu bila hata kuniangalia, "Orijino ya hapa." Ningeelewa pale pale ningeokoa elfu tatu yangu. Nikafika nayo nyumbani napuliza, inalia, ila inalia jembamba, haina ule ugomvi. Nikaipasua. Kwa kisu cha jikoni, juu ya kibao cha vitunguu, mama watoto ananiangalia tu. Ndani vyumba vitatu vipo kwa kuhesabu, lakini kimoja kimejaa plastiki iliyomwagikia humo wakati wa kuunganisha ikagandia, na kingine ukingo wake umepinda kama sahani ya bati iliyoangushwa. Kwa hiyo kinacholia ni chumba kimoja. Ni filimbi ya piiii iliyovaa jezi ya Fox.

Namna ya kujua bila kisu: puliza huku unaziba matundu ya sauti kwa kidole moja baada ya lingine. Kwenye halisi kila ukiziba moja unasikia sauti inabadilika, inakonda, ukiachia inanenepa. Kwenye feki unaziba moja hakuna kinachobadilika, unaziba lingine filimbi inakufa kabisa. Angalia pia mstari wa maungio, pitisha ukucha, halisi ukucha unateleza, ya kwangu ilikuwa inakwaruza kama kiganja cha fundi. Na muuzaji akikataa usiijaribu kwa ajili ya usafi, haki yake, ila na wewe haki yako kuondoka.

Haya, sasa niwaongelee wapenzi wangu.

Acme Thunderer, ya kwangu ni ile namba 60.5, shaba iliyopakwa nikeli. Ukimwambia mtoto achore filimbi atachora hii, tumbo duara na mdomo mrefu. Inatoka kwa J. Hudson & Co. ya Birmingham, Uingereza, kampuni ya tangu 1870, na Thunderer yenyewe ni ya 1884 na mpaka leo inatengenezwa mji uleule. Ukiishika kwanza inakuwa baridi halafu inachukua joto la mkono wako, ina uzito wa heshima, na goroli yake, ya kizamani ilikuwa ya yale magome ya mti wanayotengenezea vizibo vya mvinyo, ukiitingisha karibu na sikio inasema tik tik tik. Mimi naitingisha nikiwa nawaza mambo ya ada za shule.

Sauti yake ni nzuri kuliko ya Fox. Narudia, nzuri kuliko. Ina kina, inabingirika, ni sauti ya treni inaondoka, ya mwalimu wa zamu, ya nahodha wa timu ya mtaa aliyekataa kushindwa. Shemeji kwenye hatua 500 aliandika "hii tamu". Lakini yeye mwenyewe kwenye 800, ukungu umeshatanda, aliandika "hii bado?" wakati mimi nilishapuliza zote tatu. Haikugoma, niwe mkweli, ilinifanyia kazi yake mpaka mwisho, ila ni filimbi ya goroli na filimbi ya goroli kwa maumbile yake haipendi mate, haipendi maji, na kwenye baridi kali ya juu huko unyevu wa ndani unaweza kuganda kabisa ukaifunga goroli. Na chuma kwenye mdomo alfajiri ya Kilimanjaro, mita elfu tano na kitu, jamani, midomo imeshapasuka tayari unaiongezea shaba ya baridi ya nini. Thunderer ni ya uwanjani, ya parade, ya kabatini. Siipeleki tena mlimani, na si kwa kuidharau.

Ya tatu ni Metropolitan, ya kampuni hiyohiyo. Hii ndo ile ya bomba, ndefu kama kidole cha kati, walioona polisi wa zamani kwenye picha wanaijua. Joseph Hudson alishinda kazi ya kuwatengenezea polisi wa London mwaka 1883, kabla ya hapo polisi wa doria walikuwa wanazungusha kelele za mbao, fikiria unamkimbiza mwizi huku unazungusha kitu kama cha kufukuzia ndege kwenye mpunga. Wanasimulia kwamba Hudson alikuwa anapiga fidla, siku moja ikamponyoka ikavunjika, na ile sauti mbaya ya nyuzi zinakatika ikampa wazo la filimbi ya sauti mbili zisizopatana. Kama ni kweli au ni chumvi ya wauzaji, filimbi yenyewe kweli ina sauti mbili zisizopatana. Kwa hiyo ukifikiria vizuri, wazo la Fox la sauti zinazogombana lilishakuwepo kwenye bomba la polisi miaka mia moja kabla, na hii nayo haina goroli.

Hii ilinishangaza Bondwa. Nilidhani itakuwa ya mwisho, ikawa ya pili kwenye ukungu. Sauti yake si kubwa kama ya Fox lakini inapenya, ina kitu cha kukwaruza kinachokufanya ugeuke hata kama hutaki. Kama huna Fox na babu yako alikuwa polisi au mlinzi, kaulize kwenye sanduku lake.

Na kwa wakusanyaji hii ndo uwanja wenyewe. Za Hudson zimechapwa anwani ya kiwanda ubavuni, na anwani zilikuwa zinabadilika, kwa hiyo ukisoma 131 Barr Street unajua ni ya zamani kuliko yenye 13 Barr Street. Za vita ya kwanza nyingi zina mwaka, 1915, 1916, ndo zile maofisa walizokuwa wanapuliza askari watoke kwenye mahandaki. Vita hiyo ilifika mpaka huku kwetu, Kariakoo yenyewe jina lake limetoka kwa wale wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, midomo yetu ikalifanyia marekebisho. Ya kwangu haina mwaka, ina 13 Barr Street tu, niliinunua kwa mzee mmoja mstaafu wa reli Tabora, aliniuzia baada ya kunipulizia mwenyewe mara moja ya mwisho, akaifuta kwa leso akanipa bila kusema kitu.

Kwenye hilohilo la za zamani, tahadhari. Mji Mkongwe, Unguja, duka moja la vitu vya kale, kijana kaniona naangalia angalia filimbi akanivuta pembeni kama ananipa siri ya dola. "Kaka, hii yatoka meli ile ilozama, wallahi. Titanic." Imechongwa kweli, Titanic, White Star Line, 1912, herufi nzuri nzito. Anataka laki na nusu. Nikamuuliza imefikaje Unguja, akasema "bahari ni moja, kaka." Nilicheka hadi machozi, na yeye akacheka, tukamalizana kwa elfu 15 na nimeiweka kabatini kwa heshima ya hilo jibu. Filimbi za namna hii zimejaa dunia nzima, shaba mpya iliyopakwa dawa ionekane kuukuu. Angalia ndani ya mdomo kwa tochi, nje kuukuu ndani inang'aa kama sahani mpya, basi ujue. Angalia na herufi, za zamani zimelika pembeni kwa kushikwa miaka na miaka, za kuchonga juzi zina kingo kali. Niliibeba Bondwa kama filimbi ya nne, kwa mzaha. Hatua 100, daftari la shemeji: "birika?"

Ya tano hamtaamini. Ni ya kwenye begi. Mabegi mengi ya kupandia milima, ile klipu ya kifuani inayounganisha mikanda miwili, iangalie vizuri, upande mmoja una kimdomo kidogo chenye tundu. Hiyo ni filimbi. Jamaa yangu mmoja kabeba begi lake miaka mitatu, kapanda nalo Meru, Hanang, Longonot kule Kenya, nilivyoinama kifuani kwake nikapuliza klipu aliruka kama kaumwa na nyuki. Shida ni kwamba ni ndogo na nyembamba, na ili uipulize inabidi uinamishe kidevu kama unasali. Shemeji aliisikia mpaka hatua 300 na kidogo, kwenye ukungu ikapotea. Lakini ina sifa moja ambayo zote nne zilizobaki hazina, huwezi kuisahau nyumbani. Na haina bei.

Nitaje haraka na Storm, ya Marekani, ile kubwa kama kiatu cha mtoto, wazamiaji wanaipenda kwa sababu inalia hata chini ya maji. Kama wewe ni wa Mafia na Pemba, wa baharini, angalia upande huo. Mlimani ni mzigo. Na mkipanda boti ya kwenda Unguja vuteni ile jaketi okozi muiangalie, kwa kanuni za kimataifa za meli kila moja inatakiwa iwe na filimbi imefungwa kwa kamba, ukiikuta ipo shukuru, ukikuta kamba peke yake waulize wenyewe.

Kwa nini filimbi na si simu? Simu inaisha chaji na laini inapotea, mdomo unakauka, mwanga wa tochi hauzunguki kona. Filimbi inataka pumzi tu, na sikio la binadamu lina masikio zaidi, samahani kwa maneno, lina usikivu mkubwa zaidi kwa sauti za kati ya hezi 2,000 na 5,000, yaani mitetemo kwa sekunde, na filimbi zinalia hapohapo. Ishara ya milimani ya kuomba msaada ni kupuliza mara sita ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika moja, unarudia. Anayekujibu anapuliza mara tatu kwa dakika. Wamarekani wao wanatumia tatu kuomba msaada, kwa hiyo ukipanda na kundi la mchanganyiko kubalianeni chini kabla, si kule juu mnaanza kubishana nani kaomba na nani kajibu. Mimi na shemeji tulikubaliana sita na tatu, na kuna neno la nyongeza, moja ndefu maana yake "nimesimama nachimba dawa, nisubirini".

Halafu msicheze nayo ovyo. Kuna vijana walikuwa wanashuka siku ileile wakatusikia wakaanza kutujibu kwa utani, nusura shemeji aanze kuwatafuta waliopotea. Na hifadhini kama Meru, ambako unapanda na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, muulize yeye kwanza kabla hujapuliza lolote, yeye ndo anajua nani yuko nyuma ya kichaka. Bibi yangu alikuwa akitukataza kupiga mluzi usiku eti tunaita nyoka. Sijui angesema nini kwa hii ya desibeli 115.

Kuhusu kuivaa, usiifungie ndani ya begi, begi ndo kitu cha kwanza unachokivua ukikaa kupumzika na ndo kinachobingirika bondeni. Shingoni nako nina wasiwasi napo, kamba inanasa kwenye matawi, kama ni shingoni basi iwe kamba yenye klipu inayoachia ikivutwa. Mimi nimeifunga kwenye mkanda wa begi upande wa kushoto na ya pili, ya akiba, nimeishona kwenye mfuko wa jaketi. Rangi chukua ya chungwa au njano. Nyeusi inapendeza dukani, ikianguka kwenye majani yaliyooza ya Uluguru unaipapasa kwa magoti, nimepapasa, najua ninachosema. Na kila mtu na yake, msiazimane, mate ni mate.

Kwa hiyo nyota zangu kama mnazitaka: Fox 40 Classic halisi tano kwa mlimani, moja kwa uzuri. Metropolitan nne kote kote. Thunderer tano kwa moyo, mbili kwa ukungu. Ya klipu tatu, maana ipo. Ile ya meli haina nyota, ina jibu la kijana wa Unguja. Ile ya elfu tatu ya Kariakoo vipande vyake bado viko kwenye kibao cha vitunguu nadhani.

Shemeji kanunua Fox yake wiki iliyofuata, ya chungwa, kaivaa mpaka kwenye kipaimara cha mtoto. Thunderer mama watoto kaichukua kaitundika nyuma ya mlango wa jikoni, anasema angalau moja kati ya 31 ifanye kazi. Juzi kaipuliza saa moja jioni chakula kiko tayari, wakaja watatu wetu, na wawili wa jirani na sahani zao.